Jina Langu Chini ya Kiraka Chako

Usijifanye hukuona. Uliona. Ulisimama kwenye ukumbi wa hospitali, kadi mkononi, skrini imeganda, na mama mmoja mbele yako ameshika kifua. Ukasema "mtandao huo", ukageuza uso, ukaendelea kutazama video za watu wanaopika. Wamekuzoeza kusema "mtandao" jinsi watu wa zamani walivyosema "mapenzi ya mbinguni", ili asiwepo wa kuulizwa. Yupo wa kuulizwa. Ana jina, ana kiti, ana saa yake ya kwenda kula.

Sikiliza habari ya Tan Suyin na Zhuang Peiwen, na aibu ikikushika katikati, vumilia. Wao walivumilia makubwa kuliko aibu.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, Shenzhen, majira ambayo kuta hutoka jasho na nguo hazikauki wiki nzima. Suyin alikuwa amemleta baba yake hospitali. Mzee Tan alikuwa fundi mstaafu wa mabehewa ya treni kutoka Hunan, kifua kipana, ila vali moja ya moyo wake ilikuwa imechoka kuliko yeye. Suyin, miaka ishirini na tisa, alivaa sketi ya rangi ya haradali na viatu vya turubai, nywele kazibana kwa penseli. Ukumbi ulinuka dawa ya sakafu na miavuli mibichi. Mashine kumi na sita za kujiandikishia zilikuwa zikilia ti-ti-ti, halafu zote zikanyamaza kwa pamoja.

"Mtandao tena!" mtu akafoka.

"Sio mtandao," Suyin akasema kwa sauti ya chini.

"Sio mtandao," sauti ya kiume ikasema nyuma yake, wakati uleule.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la miraba, miwani imeingia ukungu, mkoba mgongoni.

"Umejuaje?" kijana akamtega.

"Alama ya mtandao ile pale, kijani. Seva ndiyo imebanwa. Programu zote zinagombea kufuli moja."

"Eti kufuli! Mwanamke mwenye penseli kichwani anajua habari za kufuli!"

"Na mwanamume asiyeona hata pua yake anajua habari za seva."

Kijana akacheka, akavua miwani kuifuta kwa shati. Hapo utepe wa kitambulisho ukamponyoka mfukoni, wa bluu, na Suyin akautambua, kwa kuwa wa kwake, wa kampuni hiyohiyo iliyotengeneza mfumo wa mashine zile, ulikuwa ndani ya mkoba.

"Jengo gani?" akauliza.

"A. Kiini cha mfumo, upande wa kumbukumbu."

"Mimi D. Majaribio."

"Kumbe nyinyi ndio mnaonirudishia kazi yangu na neno moja tu, 'Imeanguka'!"

"Isianguke, basi."

Mzee Tan akamvuta binti yake mkono. "Huyu nani?"

"Mtu wa foleni tu, Baba."

"Mtu wa foleni ana meno mengi hivyo?"

Walikaa kwenye foleni ile dakika hamsini. Watu wawili walizimia. Mashine zilipoamka, Peiwen alikuwa amekwishachukua dawa za presha za mama yake dirishani, lakini hakuondoka. Wakachukuliana namba za simu.

*

Mapenzi ya watu hawa yalikwenda kwa simu za mapumziko ya mchana, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwishakula saa nyingine zote.

"Pilipili, umekula?"

"Tambi za wali na pilipili ya kuchacha."

"Utaunguza tumbo, halafu nani atajaribu kiraka changu?"

"Bora niungue. Huo uji wenu wa mchele unampa mtu usingizi. Hata mapenzi yako yana usingizi, bwana Uji."

"Njoo uyaamshe."

Peiwen alitoka pwani ya Chaoshan, na kama wenzake wa huko, hakai bila sinia la chai lenye vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa. Alikuwa nalo hata chini ya meza ya kazini. Mchana mmoja, bustanini kati ya jengo A na D, alimmiminia Suyin chai kali na kumweleza kiraka alichokuwa akikijenga, yaani kipande cha msimbo cha kurekebisha kiini cha mfumo.

"Chukulia programu ni gesti," alisema. "Wageni sitini na nne, vyumba vingi. Mgeni akihitaji shuka ambayo haijaletwa chumbani, kiini lazima kimletee. Sasa kwenye mfumo wa zamani, kila shuka inapitia kufuli moja la getini. Mgeni mmoja anahudumiwa, sitini na tatu wanangoja. Ndiyo ile foleni tuliyokutania."

"Na wewe unataka kufuli kila chumba."

"Kila chumba na komeo lake. Nani amngojee nani?"

"Na chumba kikibomolewa wakati mtu anakifungua?"

Peiwen akatabasamu. Alipenda Suyin alivyowahi kuelewa. "Ndiyo maana unasoma namba ya mlango mara mbili. Unasoma, unashika komeo, unasoma tena. Kwa sababu mkono ukiwa bado hewani, mwenye gesti anaweza kuvunja chumba na kumpa mlango uleule mgeni wa gesti nyingine kabisa. Namba ikiwa imebadilika, unaachia, unarudi getini kupanga foleni kama zamani."

"Hapo nimekuelewa," Suyin akasema. "Usomaji wa pili ndio roho ya kazi."

"Roho ya kazi ni wewe."

"Kunywa chai yako."

Mafundi hawa wana desturi yao. Chini ya kila kiraka yanaandikwa majina: aliyekiandika, aliyekikagua, aliyekijaribu. Hayafutiki. Miaka ishirini ikipita, mtu anaweza kuja na karatasi mkononi akuulize. Peiwen alipenda kutania: "Siku jina lako litakapokaa chini ya langu, hicho ndicho cheti chetu cha ndoa. Hata serikali haina daftari gumu hivyo." Suyin akampiga vijiti vya kulia kwenye vidole, lakini moyoni akafurahi.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Peiwen hakulitania. Baada ya miezi minne angetimiza miaka thelathini na mitano. Kwenye mtaa ule hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake: ukishafika hapo, kampuni inakutoa. Fundi Hong wa ghorofa ya tisa alikuwa na thelathini na sita. Walimpa boksi la karatasi asubuhi, na ilipofika saa sita mchana kadi yake haikufungua hata lifti. Dada Yuan wa programu za kuendesha diski alikuwa na thelathini na saba na mimba. Fundi Kuang alianguka kwenye kibodi, na kiti chake kikakaliwa Jumatatu iliyofuata. Yaliyowapata watu hawa hayakuandikwa chini ya chochote, ndiyo sababu nayaandika hapa.

Bosi wa Peiwen, Mkurugenzi Gao, alitaka foleni ya getini ipungue kwa asilimia themanini. Kiraka cha Peiwen kilifika sabini na tatu. Usomaji wa pili ndio uliokula zile saba.

*

Jaribio la Suyin lilikuwa la kikatili, la watu wasioamini. Programu mia tatu, kila moja inajaza kurasa zake zote za kumbukumbu, zile shuka za gesti ya Peiwen, kwa maneno "mimi ni fulani", halafu inazisoma tena na tena huku vyumba vinajengwa na kubomolewa bila kupumzika. Hakuna inayopaswa kusoma jina lisilo lake. Hata mara moja.

Ijumaa, siku ya tisa, wenzake wakiwa wameshuka kula, mstari mwekundu ulitokea kwenye skrini.

Programu namba 212 ilikuwa imefungua ukurasa wake, na ukurasa ukasema: *mimi ni 87*.

Suyin akavuta kiti karibu na skrini. Alisoma tena. Ukurasa mmoja kati ya mabilioni, safi, umenyooka, haukukwaruzwa hata herufi. Programu haikuanguka. Haikulalamika. Iliendelea kufanya kazi na maneno ya mtu mwingine kana kwamba ni yake.

Jumatatu kiini kile kingepelekwa kwenye hospitali arobaini na moja. Moja ilikuwa ile ya foleni. Alhamisi, humohumo, baba yake angepasuliwa kifua. Kundi la damu, uzito, dawa ya usingizi, vyote vingetoka kwenye kurasa hizo.

Akafungua kiraka. Toleo la saba. Usomaji wa kwanza upo. Komeo limeshikwa. Usomaji wa pili haupo. Akashuka hadi chini kabisa, na pale akakuta mistari mitatu. *Kimeandikwa na Zhuang Peiwen. Kimekaguliwa na Gao. Kimejaribiwa na Tan Suyin.*

Akapiga simu akiwa ngazini, mgongo kwenye ukuta unaotoka maji.

"Pilipili, leo umewahi—"

"Usiniite Pilipili. Umeandika jina langu."

"Jina lako wapi?"

"Peiwen! 'Kimejaribiwa na Tan Suyin.' Nimekijaribu lini? Jaribio lenyewe ndiyo kwanza limefika siku ya tisa! Na usomaji wa pili umeupeleka wapi?"

"Haukuwa na kazi. Anayevunja chumba lazima ashike kufuli la geti, kwa hiyo—"

"Anavunja wakati mkono wako uko hewani! Wewe mwenyewe ulinifundisha, na sinia la chai mbele yako! Nina ukurasa hapa. Wa 87 umeingia kwa 212."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja kwa siku tisa, Suyin. Kwa jaribio lako lile la kichaa."

"Baba yangu anapasuliwa Alhamisi."

Akasikia pumzi yake ikikatika. Lakini hofu haina masikio, na Suyin alikuwa amekwishajaa hofu.

"Cheti cha ndoa, eh? Kumbe ulikuwa unatafuta wa kuzama naye."

Akakata. Simu ikaita mara sita. Hakupokea.

*

Matokeo ya jaribio hufika kwa wakubwa yenyewe, na saa nane mchana Suyin aliitwa kwa Mkurugenzi Gao. Mtu mpole, fulana nyeupe, viatu visivyotoa sauti. Mezani palikuwa na balungi limemenywa vizuri.

"Binti Tan, kaa. Kula tunda."

"Naomba jina langu litolewe, Mkurugenzi. Na kiraka kirudi."

"Jina linawekwa kwa utaratibu. Aliyepewa mashine ya majaribio ndiye mjaribu. Fundi Zhuang anajua."

"Anajua?"

"Sote ni familia hapa." Akamsogezea sahani. "Nasikia baba yako amepata tarehe ya upasuaji mapema. Wengine wanangoja hadi vuli. Hospitali ile tunaheshimiana nao sana. Tarehe ni kitu cha ajabu, binti. Zinapatikana, halafu zinapotea."

Alisema hivyo akitabasamu, sauti ileile ya kukaribisha tunda. Suyin alitoka akiwa na kipande cha balungi mkononi. Hakukumbuka alikichukua saa ngapi.

Alikaa mezani kwake. Kampuni ilikuwa na anwani moja ya barua kwa mafundi wote wa mfumo, watu mia sita. Akaandika mistari kumi: ukurasa upi, toleo lipi, kosa liko wapi, na kwamba hakukijaribu kiraka kile wala hakukipitisha. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Akamwona baba yake kwenye korido, tarehe imefutwa, midomo ya bluu. Akamwona tena mezani, tarehe ipo, na chupa ya damu ya mtu mwingine inaning'inia juu yake. Hofu mbili, na zote zina uso wa baba. Akabonyeza.

Pembeni mwa barua kuna namba ndogo inayoonyesha waliosoma. Arobaini. Mia mbili na kumi. Mia tano themanini na nane. Watu mia tano themanini na nane, waliosoma vyuo ambavyo wazazi wao waliuza ng'ombe kuvilipia, walielewa kila neno. Hakuna aliyejibu. Mmoja tu alimtumia ujumbe wa pembeni: "Dada Tan, tuko na wewe. Tafadhali usinitaje."

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatatu saa tatu asubuhi kiini kikaanza kusambazwa. Saa nne na dakika sita, jibu la kwanza likatokea chini ya barua yake.

"Kosa ni langu. Nilisoma namba ya mlango kabla ya kushika komeo, nikajidanganya kwamba inatosha, kwa kuwa nilitaka zile asilimia saba. Nimelirudia jaribio la Tan Suyin nyumbani kwa siku mbili, kosa limetokea tena. Jina lake sikuliweka mimi. Lakini nililiona Jumanne, nikanyamaza. Kubalianeni nami au msikubaliane, ila kirudisheni kiraka. Zhuang Peiwen."

Saa sita mchana kadi zao wote wawili zilikuwa hazifungui mlango wowote.

*

Jumatano asubuhi, ghorofa ya wagonjwa wa moyo. Suyin alikuwa ameshika fomu ya ridhaa ambayo ndugu wa mgonjwa lazima atie saini. Tarehe haikuwa imepotea bado, na hilo nalo lilimtisha. Peiwen akatokea kwenye lifti, shati limemganda mgongoni, bahasha ya karatasi kifuani.

"Umefuata nini?"

"Nimemfuata daktari. Wewe unaweza kuendelea kunichukia, nitafanya haraka."

Daktari Xiang, mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye nywele zilizonyolewa karibu na masikio, aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Nyinyi ni watu wa kampuni ya mfumo huu?"

"Tulikuwa," Peiwen akasema. "Hili kosa nimeliandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Linatokea mara ngapi?"

"Kwenye mashine yangu, mara moja kwa siku tisa," Suyin akajibu. "Kwenye zenu, sijui."

"Kwa hiyo huenda lisitokee kabisa."

"Huenda."

"Na likitokea nitaonaje?"

"Huoni, Daktari. Ukurasa unakuja msafi. Namba nzuri kabisa. Ila sio za mgonjwa wako."

Daktari Xiang akaacha kupepesa macho. Aliitazama skrini ukutani, yenye majina ya wagonjwa yakipita, jinsi mtu anavyomtazama mbwa wa nyumbani aliyeambiwa ana kichaa.

"Mnajua mnaniomba nini? Nirudi kwenye karatasi."

"Ndiyo."

"Mkuu wa kompyuta atanila nyama."

Akageuka, akaita wauguzi. "Leteni daftari. Kesho, kundi la damu linapimwa upya kitandani. Kila dawa isomwe na watu wawili, kwenye chupa yenyewe, sio kwenye skrini. Anayeuliza sababu, mleteni kwangu."

Suyin akatia saini. Jina likatoka kama la mtoto, lakini safari hii liliandikwa na mkono wake mwenyewe.

Alhamisi walikaa saa tano kwenye korido, kiti kimoja kitupu kati yao.

"Ulinyamaza siku tatu," akasema Suyin, macho kwenye taa nyekundu juu ya mlango.

"Nne, na Ijumaa yenyewe."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Halafu nahesabu miezi iliyobaki, namkumbuka mama na dawa zake, nafungua kompyuta, naangalia kitu kingine."

"Mimi niliogopa pia, nikaandika."

"Najua. Nilisoma barua yako mara thelathini. Niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu." Akavua miwani. "Suyin, tuoane."

"Unanichumbia nje ya chumba cha upasuaji, umelowa hivyo?"

"Sina kazi, sina ofisi, sina pengine pa kukuchumbia. Naogopa sana, na ninapokuwa na wewe naogopa lakini siangalii pembeni."

Suyin akasogea kwenye kiti kile kitupu. Akamshika kidole kimoja tu, kwa nguvu, kama mtu aliyeshika komeo na anasikiliza.

Taa ikazimika. Daktari Xiang akatoka, barakoa kidevuni. Mzee Tan alikuwa hai. Baada ya saa mbili alifungua macho, akaomba maji na kulitukana bomba la puani.

"Jumatatu," Suyin akamwambia Peiwen dirishani. "Ofisi ya ndoa inafungua saa tatu. Tafuta shati lililokauka."

Walisajiliwa Jumatatu hiyo, watu wawili wasio na kazi, wakipigiana simu kila mmoja akiwa chooni kuuliza kama mwenzake bado hajakimbia.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile ya upasuaji, skrini za hospitali zilikuwa sahihi. Daftari na skrini vililinganishwa, hakuna namba hata moja iliyopishana. Mkurugenzi Gao akatoa tangazo: hakuna tukio lolote lililoripotiwa. Na ni kweli. Litaripotiwa vipi jambo lisiloacha alama? Mgonjwa atakufa, wataandika moyo ulishindwa, na ukurasa utakuwa umekwishapewa mtu mwingine. Hospitali moja inatumia karatasi. Arobaini bado zinasoma namba ya mlango mara moja tu, na leo zina wagonjwa.

Barua ya Suyin bado ina jibu moja. Wewe uliyesoma mpaka hapa nakuhesabu kwenye mia sita: una kazi, una meza, na mahali fulani jina lako liko chini ya kitu ambacho hukukijaribu, au unalijua jina la mwenzako lililowekwa hivyo. Usiseme kesho. Usinitumie ujumbe wa pembeni kwamba uko nami. Kifungue kitu hicho sasa hivi, andika jibu mbele ya watu wote, na utie jina lako.